Maktaba na Mji Wake: Kutoka Kidaka cha Pwani hadi Mzinga wa Morogoro

Neno mzinga lina maana zaidi ya moja katika lugha yetu. Ni silaha kubwa ambayo mlio wake hutetemesha ardhi; na ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, likatundikwa mtini ili nyuki waingie na kutengeneza asali. Katika Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, iko kata iitwayo Mzinga, na jina hilo linabebwa pia na Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi kilichojengwa mapema katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Aendaye huko akiitafuta ile maana ya kwanza ataipata. Makala hii inaitafuta maana ya pili.

Mchonga mzinga wa nyuki hatundiki gogo lake popote. Kwanza hutazama upepo unatoka wapi, maji yako umbali gani, miti gani inachanua na kwa msimu upi, na siafu wanapandia wapi. Mzinga uliochongwa kwa ustadi ukatundikwa pasipofaa hubaki gogo tupu. Vivyo hivyo yafaa tuulize juu ya maktaba za miji yetu: ni nani aliyetazama upepo na maua kabla ya kuzijenga? Na kwa nini hata zile zilizojaa watu, hazikujaa kwa namna waliyoitarajia waliozijenga? Ili kulijibu swali hilo, na kisha kurudi Morogoro tukiwa na la kusema, hatuna budi kuanza nyumbani, pwani.

Kabla ya kuwapo jengo liitwalo maktaba, kitabu katika miji ya Waswahili kilikuwa na makazi yake. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, ukuta wenyewe uliachiwa nafasi za kuweka vitu. Nafasi hizo ndizo zidaka, na humo kitabu kilikaa pamoja na vyombo vya thamani, juu ya ardhi, mbali na mkono wa mtoto na unyevu wa sakafu. Misikitini na katika vyuo, misahafu na vitabu vya fikihi viliwekwa wakfu ili asomaye asome na amwombee aliyetoa. Na nje, mbele ya mlango, ilikuwapo baraza: kiti cha mawe kilichoshikamana na nyumba, lakini kikiuelekea mtaa. Hapo barua ilisomwa kwa asiyejua kusoma, habari ilipimwa, na shairi lilighaniwa mpaka likahifadhiwa na waliokuwa hawajapata kuliona limeandikwa.

Tuyatazame hayo kama mjenzi anavyoutazama mji. Kulikuwa na mahali pa kuhifadhia kitabu, nacho ni kidaka. Mahali pa kukisoma kwa makini chini ya mwalimu, nacho ni chuo. Na mahali ambapo yaliyosomwa yalitoka yakawa ya watu, napo ni barazani. Sehemu hizo tatu hazikuwa chini ya dari moja, ila zilikuwa hatua chache kutoka moja hadi nyingine, na mji wenyewe ulikuwa ujia wa kuziunganisha. Na kusoma kwetu, aghalabu, kulikuwa na sauti. Msahafu husomwa kwa kusikika, utenzi hughaniwa, na darasa huendeshwa kwa mmoja kusoma na wengine kusikiliza.

Maktaba ya kwanza ya umma katika pwani yetu inayokumbukwa kwa jina ilikuwa karibu na desturi hiyo. Ilianzishwa Mombasa mwaka 1903, ikaitwa kwa jina la Seif bin Salim, na katika jina lake rasmi, pamoja na neno maktaba, ilitajwa kuwa ni chumba cha kusomea bila malipo. Msomaji na aliweke moyoni neno hilo la chumba cha kusomea, kwani tutalihitaji tena.

Miaka 28 baadaye, Nairobi ilipata maktaba ya namna nyingine. Lady McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir Northrup McMillan, Mmarekani wa kuzaliwa aliyekuwa mlowezi mkubwa nchini Kenya. Nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Jengo lilisimama mahali pazuri mno kwa maktaba ya mji. Ubavuni mwake ulikuwapo Msikiti wa Jamia, na soko kuu la mji halikuwa mbali. Watu wa kila asili walipita hapo kila siku, wengine wakienda sala, wengine wakienda sokoni. Lakini jengo lilijibu kwa ngazi ndefu, safu ya nguzo kubwa na simba wawili wa mawe waliolinda mlango. Na mlango wenyewe, kwa takriban miongo mitatu, ulifunguliwa kwa Wazungu tu. Halmashauri ya mji iliipokea maktaba hiyo mwaka 1962, ndipo wale waliokuwa wakipita pembeni wakapata haki ya kupanda ngazi.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hapa tunaweza kuongeza kwamba mlango nao husema. Kuna majengo yanayojaribu kusikizana na mji kwa sura peke yake. Sisi watu wa Unguja tunalijua vyema jengo la Makumbusho ya Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kwa ramani ya J. H. Sinclair, ambaye alichukua kuba na matao ya nchi za Kiislamu akayaweka mbele ya macho ya mji wa Kiislamu. Ni jengo zuri na tunalipenda. Hata hivyo, sura inayofanana na mji ni jambo moja, na desturi inayofanana na maisha ya mji ni jambo jingine. Kuba haliwezi kumpa mtu mahali pa kukaa.

Uhuru ulileta wazo jipya. Mwaka 1960, S. W. Hockey aliandika ripoti juu ya maendeleo ya huduma za maktaba katika Afrika Mashariki, akapendekeza kila nchi iwe na huduma ya taifa itakayotoka makao makuu na kufika mikoani. Tanganyika ilitunga sheria ya kuanzisha huduma hiyo mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, katika sikukuu ya Uhuru, Rais Julius Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Hapana shaka siku ile haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Nchi ambayo wakati ule watu wazima takriban 67 katika kila 100 hawakujua kusoma ilikuwa ikisema kwamba kitabu ni sehemu ya uhuru wake. Kampeni za elimu ya watu wazima zilizofuata, kwa takwimu za serikali, zilishusha idadi hiyo hadi chini ya 10 katika kila 100 ilipofika mwaka 1986.

Mahali palipochaguliwa pia panastahili kutazamwa. Dar es Salaam ya wakoloni ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila eneo na sheria zake za kujenga. Maktaba Kuu haikujengwa Uzunguni, mbele ya bahari. Ilijengwa kando ya barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed, ile inayotenganisha katikati ya jiji na Upanga. Barabara iliyokuwa ukingo ikapata jengo ambalo watu wa pande zote wangeweza kulifikia. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuhusu mji, na pengine una uzito kuliko uamuzi wowote juu ya umbo la jengo.

Lakini mji nao una uamuzi wake. Wataalamu wa ukutubi wa wakati ule walikuwa wameipanga maktaba kama nyumba ya kuazimisha vitabu: msomaji angeingia, achague, aandikishe, aende zake, arudishe baada ya siku kadhaa. Katika Dar es Salaam, kama katika Nairobi na Kampala, waliokuja kwa wingi walikuwa wanafunzi na vijana wa mitihani, na wengi wao walikuja na madaftari na vitabu vyao wenyewe. Hawakuja kuazima. Walikuja kutafuta meza, kiti, mwanga na utulivu. Kwa miaka mingi maandishi ya wakutubi wa Afrika Mashariki yalilitaja jambo hilo kama tatizo: maktaba zinageuzwa vyumba vya kusomea.

Mimi naona tatizo hilo ni jibu ambalo hatukutaka kulisikia. Ni nani asiyeijua nyumba ya Kiswahili ya mjini, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande? Katika mitaa ya wapangaji, kila chumba ni familia. Humo humo ndimo kitanda, jiko la mkaa likiwa kibarazani, sauti ya redio ya jirani na kilio cha mtoto mchanga. Taa ikiwapo ni moja, na wa kuitumia ni wengi. Kijana wa nyumba hiyo anaweza kuwa na kitabu. Asichokuwa nacho ni nafasi ya kukifungua. Aliposafiri kwa miguu hadi Maktaba Kuu na kukaa mpaka kengele ya kufunga, alikuwa akiueleza mji wake kwa uwazi kuliko mchora ramani yeyote. Alikuwa akisema: nyumbani kwetu hakuna meza. Na bila kujua, alikuwa akiirudisha maktaba kwenye lile jina la Mombasa la mwaka 1903, chumba cha kusomea bila malipo.

Sasa na tupande bara, tuingie Morogoro. Mji huu una haki ya kuzungumza juu ya kujenga, kwani umekwisha kuona mengi. Katika karne ya 19, Kisabengo aliweka hapa ngome yake, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Henry Stanley, alipopita mwaka 1871, alishangazwa na ukuta wa mji huo, minara ya pembeni na malango manne yaliyoelekea pande nne za dunia. Milango yake ilikuwa ya mbao ngumu iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiarabu, naye akadhani kwamba huenda ilitengenezwa Unguja au pwani, ikapelekwa huko ubao kwa ubao. Kama alidhani sawa, basi mlango wa pwani ulifika chini ya Uluguru kabla ya reli. Nayo reli ilifika mwaka 1907 kutoka Dar es Salaam, yakafuata mashamba ya mkonge, na mji ukaanza kukua kwa kufuata stesheni na soko.

Somo kali zaidi lilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, kilijengwa Morogoro kiwanda cha viatu ambacho kilitarajiwa kutosheleza mahitaji ya nchi nzima na kuuza ziada Ulaya. Jengo lake lilikuwa la kuta za alumini, bila mpangilio wa kupitisha hewa, kana kwamba jua la Morogoro halikuwa limeulizwa. Mitambo nayo iliharibika, na vipuri na malighafi vikakosekana. Kiwanda hakikupata kuzalisha zaidi ya sehemu ndogo sana ya uwezo wake, pungufu ya asilimia 5, na kikafungwa mwaka 1990. Wachumi wa dunia hukitaja hadi leo kama mfano wa mradi ulioshindwa. Jengo halikuwa sababu pekee, lakini ndilo lililoionyesha mapema sababu iliyokuwa nyuma ya nyingine zote: aliyechora hakuwa amekaa hapo hata mchana mmoja wa kiangazi.

Kinyume chake kilikuwa karibu mno. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la mkonge lililoachwa huko Mazimbu, nao wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Oswald Dennis, msanifu majengo na mwanachama wa ANC, alikuwa miongoni mwa walioichora. Wajenzi wake waliishi pale pale, wakala na kulala katika yale waliyoyajenga. Palikuwa na madarasa, mabweni, hospitali, karakana, shamba na maktaba. Kwa ufupi, palikuwa na mji mdogo ambao kitabu kilikuwa na anwani yake ndani yake. Mwaka 1992 wenyeji hao walipojiandaa kurudi kwao, waliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, nayo ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nyaraka zao zilikwenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Majengo yalibaki na yanatumika. Yaliyojengwa na wageni wa kupita yakadumu, na lililojengwa kwa mamilioni kwa ajili ya wenyeji likafungwa. Wenye hekima watalipima hilo.

Hata hivyo, Mazimbu ilikuwa shule, na chuo ni chuo. Morogoro ina vitabu vingi kuliko miji mingi ya kiasi chake: chuo hicho cha Sokoine kina Maktaba ya Taifa ya Kilimo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1991, na mji una maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Lakini mji leo si stesheni na soko tu. Umetambaa kuelekea Kihonda, Bigwa na Mzinga, na mtoto wa kata za pembeni hujua njia ya shule, ya kisima na ya duka kabla hajajua kwamba iko njia ya kwenda maktaba. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Morogoro miti ipo.

Je, maktaba ya kata kama Mzinga, ikijengwa kwa kuutazama mji wake, ingekuwaje? Historia tuliyoipitia inatosha kutuongoza. Ingejengwa kando ya njia ambayo watu wanaipita tayari, karibu na kituo cha daladala au gulio, si kwenye kiwanja kilichobaki kwa sababu hakuna aliyekitaka. Ingelala kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipate ukuta mfupi tu. Paa lingetoka nje kwa ukarimu, kwa sababu ya jua la kiangazi na mvua ya masika ya upepo. Madirisha ya juu yangetoa hewa ya moto, na ya chini yangepokea upepo unaoshuka kutoka mlimani jioni. Msingi ungeinuliwa, kwa ajili ya mchwa na maji. Hayo ni mambo ambayo fundi wa nyumba ya kawaida anayajua, na ambayo kiwanda cha viatu hakikumwuliza.

Ndani, meza zingekuwa nyingi kuliko makabati, na taa zingewaka mpaka usiku, kwa maana mwanafunzi wa nyumba ya chumba kimoja huhitaji saa mbili za usiku kuliko saa mbili za asubuhi. Maji ya kunywa na choo kisafi vingehesabiwa kuwa sehemu ya maktaba, kwani binti asiye na choo hakai kusoma. Na mbele, ukielekea barabara, ungejengwa ukumbi wa wazi wenye viti vya saruji vilivyoshikamana na ukuta. Kwa neno moja, baraza.

Msomaji mpenda mashairi ataelewa kwa nini ninaisisitiza baraza. Amri ya kwanza ya maktaba tuliyoirithi ni kunyamaza. Ni amri yenye haki yake kwa yule wa meza na mtihani, lakini ikiwa ndiyo amri pekee, basi ushairi wetu umefungiwa nje. Shairi lisiloghaniwa ni nusu ya shairi. Mzee anayejua nyimbo za ngoma za Kiluguru na hajui herufi hana la kuifuata maktaba ya kimya, wala maktaba hiyo haina la kupokea kutoka kwake. Kwa hiyo jengo na liwe na sehemu mbili zinazoheshimiana: chumba cha kimya nyuma, chenye miti upande wa mlima, na baraza ya sauti mbele, upande wa watu. Kati yake ukuwepo ukuta mnene, na katika ukuta huo, kwa nini visiwemo zidaka?

Haya si ndoto. Jijini Nairobi, ile maktaba ya simba wawili ina matawi mawili katika mitaa ya mashariki, Makadara na Kaloleni. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mwaka 2018 asasi iitwayo Book Bunk, iliyoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ilikubaliana na serikali ya jiji kuzihuisha maktaba hizo. Walianza na zile ndogo za mitaani, huku wakiwauliza wakazi wanataka nini, na milango ya matawi hayo ikafunguliwa upya kabla ya nguzo kubwa za katikati ya jiji kuguswa. Utaratibu huo ndio wa mchonga mzinga: kutazama kwanza, kuchonga baadaye.

Tumezoea kuuliza ni vitabu vingapi vilivyomo ndani ya maktaba. Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: katika kata ile, mtoto ambaye kwao hakuna meza, leo magharibi ataketi wapi? Mji ambao umekwisha kulijibu unaweza kuendelea na hesabu ya vitabu, na nyuki watakuja wenyewe.